Mpangaji wa Nyumba na Mpangaji wa Mji: Udiwani wa Makadara na Deni la Wanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Kitenzi 'panga' ni kitenzi chenye ukarimu wa maana. Mtu hupanga vitabu rafuni, hupanga safari, hupanga chumba kwa mwezi; serikali nayo hupanga mji. Kutokana na kitenzi hicho tumepata nomino 'mpangaji'. Nomino hii humtaja yule anayelipa kodi ili alale chini ya paa la mwenziwe, na humtaja pia yule anayekaa ofisini, ramani imetandazwa mbele yake, akaamua barabara ipite wapi na nyumba ya nani ivunjwe. Wanaleksikografia watatuambia kwamba hii ni polisemia ya kawaida, na kwamba lugha zote za ulimwengu zina maneno ya namna hiyo. Hatuna ugomvi nao. Hata hivyo, kwa mkaazi wa kisiwa cha Mombasa jambo hili si la kamusi pekee. Tangu enzi za ukoloni hadi leo, wanaopanga nyumba kisiwani humo hawajapewa nafasi ya kuupanga mji, na wanaoupanga mji aghalabu hawapangi nyumba.

Makala haya yanahusu pengo lililopo baina ya wapangaji hao wawili, na kiti ambacho kwa mujibu wa sheria kiliundwa ili kuliziba. Ninakusudia kiti cha mwakilishi wa Wadi ya Mji wa Kale/Makadara, mojawapo ya wadi 5 za eneo bunge la Mvita na miongoni mwa wadi 30 za Kaunti ya Mombasa. Katiba ya Kenya imeweka uchaguzi mkuu katika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hivyo wakaazi wa wadi hiyo watapiga kura tarehe 10 Agosti 2027. Hoja yangu ni kwamba kiti hiki kinafaa kugombewa na kupiganiwa kwa suala la makazi na huduma za jamii kabla ya jambo jingine lolote. Aidha, ninashikilia kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni katika jambo hili ambalo mpaka sasa hatujalilipa.

Diwani na diwani

Kabla ya Machi 2013, mji wa Mombasa ulikuwa chini ya Baraza la Manispaa, na wawakilishi wake waliitwa madiwani. Katiba ya mwaka 2010 iliyafuta mabaraza hayo na kuleta serikali za kaunti 47 zenye mabunge yake. Tangu hapo cheo rasmi kimekuwa 'mwakilishi wa wadi', ingawa mitaani na magazetini neno 'diwani' halijafa. Nami ninaona vyema lisife.

Neno hilo lina asili ya Kiajemi na lilitufikia kupitia Kiarabu, ambamo lilibeba maana ya daftari la serikali, baraza la watawala na mkusanyiko wa mashairi wa mtunzi mmoja. Kiswahili kimezihifadhi mbili kati ya maana hizo. Katika pwani ya Mrima ya karne ya 19, madiwani walikuwa watawala wa miji. Katika fasihi, tuna Diwani ya Mnyampala, tuna mfululizo wa diwani za Shaaban Robert, na tuna Diwani ya Muyaka bin Haji iliyochapishwa na William Hichens mwaka 1940, takriban miaka 100 baada ya kufa kwake mshairi huyo wa Mombasa. Kwa hivyo, mwanafunzi wa fasihi anayedai kwamba mambo ya udiwani hayamhusu, anakana nusu ya neno ambalo nusu yake nyingine ndiyo inayompa shahada.

Isitoshe, fasihi ya Mvita haijapata kujitenga na utawala wa mji. Muyaka aliishi zama za Wamazrui na akautumia ushairi kuyasemea mambo ya mji wake. Wahakiki wengi humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuuleta sokoni. Wakati huo mji wenyewe ulikuwa na baraza lake, ambapo wazee wa Thenashara Taifa, yaani Mataifa Matatu na Mataifa Tisa, walikuwa na sauti ambayo mtawala hakuweza kuipuuza. Sidai kwamba utaratibu huo ulikuwa wa haki kwa wote. Watumwa na wageni hawakuwa na kauli, na wanawake hawakuketi barazani. Ninachosema ni kwamba dhana ya mtu wa mtaa kuusemea mtaa wake mbele ya mwenye mamlaka si dhana iliyoletwa na meli ya Mwingereza.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwezi wa Agosti 1968 nchi ya Kenya ilifanya uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya. Fomu za wagombea wa chama cha upinzani cha KPU zilikataliwa kwa jumla kwa kisingizio kwamba hazikujazwa ipasavyo, na wagombea wa KANU wakapita bila kupingwa. Mwaka huohuo kijana mmoja wa Mombasa, aliyekuwa mwajiriwa wa Baraza la Manispaa, aliandika waraka wa kuipinga serikali ulioitwa Kenya: Twendapi? Kijana huyo alikuwa Abdilatif Abdalla. Alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, na humo gerezani akatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, diwani iliyochapishwa mwaka 1973. Diwani hiyo huhakikiwa katika kumbi zetu za mihadhara kwa nadharia za kila aina. Aghalabu tunasahau kwamba mtunzi wake alitoka ofisi za baraza la mji kabla ya kwenda kifungoni, na kwamba mwaka alioandika waraka wake ndio mwaka ambao wananchi walinyimwa haki ya kuwachagua madiwani wawatakao.

Watu watatu juu ya kiwanja kimoja

Tuje sasa kwenye nyumba. Msomaji asiyeijua Mombasa huenda asielewe kwa urahisi mfumo wa 'nyumba bila ardhi', kwa hivyo yafaa niueleze. Katika maeneo mengi ya kisiwa, hususan Majengo na viunga vyake, mwenye ardhi ni mmoja na mwenye nyumba ni mwingine. Mwenye nyumba alipewa ruhusa na mwenye ardhi kujenga nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma pamoja na jiko na choo. Kila mwezi au kila mwaka humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Yeye naye huvikodisha vyumba kwa watu wengine, chumba kimoja kwa familia moja. Kwa hivyo, juu ya kiwanja kimoja pana watu watatu wenye maslahi tofauti: mwenye ardhi, mwenye nyumba na mpangaji.

Mfumo huu una mizizi katika desturi za pwani, ambamo mtu aliweza kuumiliki mnazi au nyumba bila ya kuimiliki ardhi iliyoibeba. Sheria ya Kiingereza iliyoletwa na ukoloni ilikuwa na mtazamo mwingine, yaani kilichoshikamana na ardhi ni mali ya mwenye ardhi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilipoanza kusajili ardhi za pwani, waliokuwa na nyaraka, fedha na mawakili walijipatia hati; wengi wa waliobaki wakawa wakaazi kwa hisani. Mwaka 1978 mtafiti Richard Stren alichapisha kitabu kizima kuhusu siasa za makazi ya watu maskini mjini Mombasa. Takriban miaka 50 baadaye, mengi ya maswali yake bado hayajapata jibu.

Madhara ya mfumo huu hudhihirika pale ardhi inapouzwa. Mnunuzi hahitaji nyumba ya Kiswahili ya makuti au mabati. Anahitaji ghorofa sita zenye maduka chini. Mwenye nyumba, ambaye pengine alirithi kuta hizo kwa babu yake, huambiwa achukue fidia kidogo au abomoe na kuondoka na mabati yake. Mpangaji wa chumba hana hata fidia ya kubishania. Hali hii si kisa cha familia moja. Kila anayezunguka Makadara, Majengo na Kibokoni anaweza kuhesabu mwenyewe ghorofa zilizoota mahali palipokuwa na nyumba za baraza.

Nyumba za baraza la mji nazo zina hadithi yake. Mitaa kama Buxton, Mzizima, Khadija na Tudor ilijengwa ili kuwakodishia wafanyakazi kwa kodi nafuu. Mtaa wa Buxton, uliokuwa na nyumba zipatazo 500, ulibomolewa mwaka 2021 ili kupisha ghorofa mpya zilizojengwa kwa ubia baina ya serikali ya kaunti na mwekezaji binafsi. Baadhi ya wakaazi walikwenda mahakamani kuupinga mradi huo. Wako wanaosema kwamba nyumba zile zilikuwa zimechakaa mno na kwamba mji haupaswi kubaki na magofu, na katika hilo wana hoja. Tatizo ni kwamba nyumba zilizobomolewa zilikuwa za kupangisha, na zilizojengwa zilikusudiwa kuuzwa. Anayeweza kulipa kodi ya mwezi si lazima aweze kununua nyumba. Mji wa Vienna huko Austria ulijenga nyumba zaidi ya 60,000 kati ya mwaka 1919 na 1934 na kuzipangisha kwa wafanyakazi wake. Zanzibar nayo, baada ya Mapinduzi ya 1964, ilijenga majumba ya Michenzani. Tunaweza kuyakosoa majumba hayo kwa sura yake na kwa jinsi mitaa ya Ng'ambo ilivyovunjwa ili kuyapisha, lakini hakuna awezaye kusema kwamba serikali ya mji haiwezi kuwajengea watu wasio na uwezo wa kununua.

Urithi unaoelemea mabega ya warithi

Katika Mji wa Kale wenyewe kuna tatizo la namna nyingine. Eneo hilo lilitangazwa kuwa la kuhifadhiwa mwaka 1990, na Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Kwa sababu hiyo, mwenye nyumba ya zamani hawezi kuivunja, kuiongeza ghorofa au kuibadilisha sura bila idhini ya ofisi ya uhifadhi. Mimi ni miongoni mwa wanaouunga mkono uhifadhi huo. Mji usio na kumbukumbu ni kama lugha isiyo na fasihi.

Hata hivyo, yatupasa kuuliza ni nani anayeubeba mzigo wake. Nyumba ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko huhitaji fundi anayezijua kazi hizo, na mafundi hao wanazidi kupungua. Kwa sheria ya mirathi, nyumba moja yaweza kuwa na warithi ishirini walio Mombasa, Muscat na London. Mwenye fungu dogo hataki kutengeneza mali ambayo nyingi yake si yake, na anayeishi ndani hana fedha za kuitengeneza peke yake. Matokeo yake, mvua za masika huingia ukutani mwaka baada ya mwaka. Serikali hukataza mambo mengi kwa nyumba hizi, lakini hutoa msaada mchache. Kule Zanzibar, Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985 na mji huo ukawa Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka. Ikiwa jumba la serikali lililo maarufu kiasi hicho liliweza kuanguka, itakuwaje nyumba ya mjane wa Kibokoni?

Sifa ya urithi haimwondolei mkaazi mahitaji yake ya kila siku. Maji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na yanapokatika, mkaazi wa Mji wa Kale hununua mitungi kwa mwenye mkokoteni kama anavyofanya mwenzake wa Kisauni. Vyoo vya shimo na majitaka, ukusanyaji wa taka, zahanati, shule za chekechea, pamoja na vijana walionaswa na dawa za kulevya: haya yote hayaonekani katika picha ambayo mtalii huipeleka kwao.

Kilichomo mikononi mwa mwakilishi

Wagombea wengi huahidi yasiyo yao na kuyaacha yaliyo yao. Jedwali la Nne la Katiba limegawa majukumu waziwazi. Makazi na upangaji wa mji katika ngazi ya kaunti, maji na usafi, uondoaji wa taka, hospitali na zahanati za kaunti, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni majukumu ya kaunti. Shule za sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali ya kitaifa. Kifungu cha 43 nacho kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na huduma za afya. Januari 2021, katika kesi ya Mitu-Bell, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba haki hiyo ya makazi si pambo la Katiba, bali yaweza kudaiwa mahakamani hata na waliokuwa wakiishi katika ardhi ya umma bila hati.

Mwakilishi wa wadi hajengi nyumba wala hachimbi mtaro. Kazi zake kwa mujibu wa Kifungu cha 185 ni kutunga sheria za kaunti, kuidhinisha mipango na bajeti, na kuisimamia serikali ya gavana. Wanaoziona kazi hizo kuwa hafifu hawajazitazama vizuri. Chukulia suala la nyumba bila ardhi. Bunge la kaunti haliwezi kuibadilisha sheria ya ardhi ya nchi, lakini hakuna ghorofa inayojengwa kisiwani bila ramani yake kuidhinishwa na kaunti. Kwa mujibu wa Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, idhini hiyo iko mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo, sheria fupi ya kaunti yaweza kutaka kwamba kabla ya ramani kupitishwa, mwombaji athibitishe kuwa mwenye nyumba na wapangaji wake walipewa notisi na kwamba suala la fidia limesikizwa.

Chukulia pia nyumba za Mji wa Kale. Kaunti hutoza kodi za ardhi na ada za vibali. Mwakilishi anaweza kupendekeza msamaha wa kodi hizo kwa anayetengeneza nyumba ya urithi kwa njia inayokubalika, na fungu dogo katika bajeti la kuwasaidia wasiojiweza. Vyuo vya ufundi, ambavyo ni vya kaunti, vyaweza kufundisha kazi ya chokaa, uashi wa matumbawe na uchongaji wa milango. Hivyo kijana wa maskani atapata kazi katika kuta zilezile anazoziegemea mchana kutwa. Kuhusu mitaa mikuukuu ya kaunti ambayo bado haijaguswa, mwakilishi anaweza kukataa kuidhinisha mradi wowote ambao mkataba wake hauelezi kwa maandishi ni nyumba ngapi zitakuwa za kupangisha na wapangaji wa zamani watarudi kwa kodi gani.

Hizi ndizo ahadi zinazopaswa kuwa katika ilani ya anayetaka kura za Makadara. Zinapimika, ziko ndani ya mamlaka ya kiti, na mpigakura anaweza kuzidai.

Kura na kula

Kwa nini basi hatuzisikii? Sababu moja ni kwamba uchaguzi wa wadi umegeuzwa kuwa mashindano ya ukarimu. Mgombea hupimwa kwa harambee alizochangia, maiti alizozika, basari alizotoa na unga aliougawa mwezi wa Ramadhani. Tofauti ya kura na kula ni ya sauti moja tu, na wanasiasa wameishi katika tofauti hiyo ndogo.

Sitaki kuwatukana wapigakura kwa jambo hili, kama wafanyavyo baadhi ya wasomi. Mtu ambaye mwanawe amefukuzwa shule kwa ajili ya karo hawezi kungojea sera. Anaujua mkono unaompa leo, na hana hakika na sheria itakayomfaa kesho kutwa. Isitoshe, ameona ilani nyingi zikifungiwa maandazi baada ya uchaguzi. Kuchukua kilichopo ni hekima ya mtu aliyekwisha danganywa.

Lakini tuifanye hesabu hadi mwisho. Msaada hutolewa kwa mmoja, na shukrani hudaiwa kwa ukoo mzima. Mgombea anayetumia mali yake kununua shukrani ni lazima airudishe mali hiyo akishachaguliwa, na njia nyepesi ya kuirudisha ni zabuni na vibali vya ujenzi, vilevile ambavyo mpangaji alihitaji vikaguliwe kwa niaba yake. Kwa hivyo, mpangaji aliyepokea elfu moja mwezi wa Agosti huenda akailipa kwa chumba chake miaka miwili baadaye, bila hata kujua kwamba ilikuwa ni malipo. Mgombea wa makazi na huduma za jamii lazima awe na ujasiri wa kuieleza hesabu hiyo nyumba kwa nyumba, kwa lugha inayoeleweka.

Bajeti isemayo Kiingereza

Hapa ndipo linapoingia deni letu. Kaunti huandaa Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa miaka mitano. Kila mwaka huandaa waraka wa mikakati ya fedha unaopaswa kufika bungeni kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti yanayopaswa kufika kabla ya mwisho wa Aprili, ili mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake waziwazi na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Pamoja na hayo yote, nyaraka hizo huandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu, katika mji ambao Kiswahili ni lugha ya mama, lugha ya soko, ya mimbari na ya mahari. Mama wa Makadara huitwa kwenye kikao cha kutoa maoni, akapewa soda na kitabu cha kurasa mia kadhaa asichoweza kukisoma, kisha jina lake likaandikwa kwenye orodha ya walioshirikishwa. Kushirikishwa kwa namna hii hakuna tofauti na kutoshirikishwa. Ni mpangaji wa nyumba kuwekwa mbele ya mpangaji wa mji bila mkalimani.

Sisi ndio wakalimani hao. Kila mwaka idara zetu hutoa wahitimu waliosomea nadharia za tafsiri, uundaji wa istilahi na isimujamii. Tunaandika tasnifu kuhusu tafsiri ya tamthilia zilizokwisha tafsiriwa mara mbili. Je, tumeshatoa faharasa moja ya istilahi za bajeti ya kaunti inayoweza kutumiwa barazani? Neno 'rates' la Waingereza linatajwa mitaani kwa namna tatu tofauti, na wakati mwingine mkaazi hajui anatozwa nini. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany aliyatoa maisha yake kuokoa na kubuni msamiati wa Kiswahili akiwa hapohapo Mombasa. Hatuna udhuru wa kusema kwamba kazi hii haiwezekani.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, chama chetu kiteue kamati ndogo ya kutafsiri, kila mwezi wa Machi hadi Mei, muhtasari wa sehemu za bajeti zinazohusu makazi, maji, afya na vyuo vya ufundi, kwa kurasa zisizozidi nne. Pili, idara zetu zikubali tafsiri na faharasa za nyaraka za umma kuwa kazi halali ya mradi wa shahada. Tatu, kabla ya Agosti 2027, tuwaalike wagombea wote wa wadi hiyo, bila kujali chama, kwenye mdahalo wa Kiswahili kuhusu makazi na huduma za jamii pekee, na ahadi zao ziandikwe na kuhifadhiwa ili ziweze kusomwa tena mwaka 2032.

Pingamizi

Najua yatakayosemwa. Wako watakaosema kwamba chama cha Kiswahili si chama cha siasa. Ni kweli, na hakuna aliyependekeza kiwe. Kumtafsiria mtu bajeti si kumwambia ampigie nani kura. Wengine watasema kwamba lugha haijengi nyumba. Hilo nalo ni kweli. Lakini nyumba nyingi za Mombasa zimebomolewa kwa karatasi ambazo wenyewe hawakuweza kuzisoma, na mwenye kuisoma notisi yake hupata angalau siku za kutafuta wakili. Wengine watasema kwamba mwakilishi mmoja kati ya wawakilishi wengi hana nguvu. Mmoja hana nguvu, lakini mmoja anaweza kuwasilisha mswada na kuuliza swali likaandikwa kwenye kumbukumbu za bunge. Wadi nyingine za kisiwani nazo zina nyumba bila ardhi, kwa hivyo mswada mzuri hautakosa wa kuuunga mkono.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kiti cha udiwani wa Makadara kina mamlaka ya kutosha kumtetea mpangaji, mwenye nyumba bila ardhi na mrithi wa Mji wa Kale, mradi kigombewe kwa masuala hayo na mpigakura awezeshwe kuyafuatilia. Kazi ya kugombea ni ya wenye moyo wa kugombea, na yamkini miongoni mwa wasomaji wa jarida hili yumo mmoja ambaye siku moja atachukua fomu. Kazi ya kuwezesha kuelewa ni yetu sote tuliojipa jina la wanafunzi wa lugha hii.

Makadirio ya bajeti hufika bungeni kila mwisho wa Aprili. Kamati ikiundwa muhula huu, kurasa nne za kwanza zaweza kusomwa barazani Kibokoni kabla bajeti ijayo haijapitishwa. Kalamu naitua hapa, nikingojea kauli za wenzangu na walimu wangu.